Pedali Nilizosogeza Vidole Vinne

Kaloleni, Jumamosi mchana

Nekesa, mama yangu,

Barua za zamani zilianza kwa kuuliza afya. Wewe nimekusikia asubuhi ukiimba bafuni mpaka jirani akagonga ukuta, kwa hiyo afya yako naijua. Mimi pia mwili ni mzima, ila moyo hautulii, na ndiyo maana nimefunga karakana mapema na kuketi mezani na daftari lako la zamani la hesabu. Kurasa za nyuma hukuzimaliza. Nami sishangai, hesabu za mwisho wa daftari hukuzipenda tangu zamani.

Wewe na mama yako mko sokoni Muthurwa mnatafuta blanketi na sweta nzito, maana ameambiwa Addis Ababa uendako chuoni kuna baridi ya kuingia mifupani. Nawajua nyinyi wawili. Mtazunguka vibanda vyote halafu mrudi kununua kwenye kile cha kwanza. Kwa hiyo nina muda. Mambo ya pasipoti, ya kula vizuri, ya kutokubali kubebeshwa mzigo wa mtu usiyemjua, mama yako ameshayasema na kesho atayasema tena mpaka mlangoni pa uwanja wa ndege. Mimi sitayagusa. Nina jambo moja tu, na nilipaswa kulisema miaka miwili iliyopita.

Linahusu ndege ya Mzee Mutisya, na siku ile ulipoambiwa kwamba una mguu mzito.

Niache nianze mbali kidogo, maana nikiingia moja kwa moja nitaogopa na kuichana karatasi. Unakumbuka kisa cha lango? Nilikuwa kijana, nimetoka tu kujifunza kuchomelea, na kichwa kimevimba. Nikaitwa Mukuru kwa Reuben nitengeneze lango la ploti ya nyumba za kupanga. Nikapima kwa vidole na kwa jicho, kama tulivyozoea sisi mafundi wa kando ya barabara, ambao kushika futi ya kupimia mbele ya mteja tunaona ni kukiri kwamba hatujui kazi. Lango likafungika vizuri, hata halikulia. Nikaenda zangu nikipiga mluzi. Asubuhi wapangaji wakalifungua lote ili mkokoteni wa maji uingie, nalo likaenda moja kwa moja likaziba mlango wa choo, na ndani ya choo alikuwamo Mama Atieno. Mkokoteni umekwama, lango haliwezi kurudi, na mama wa watu anapiga kelele, "Huyo fundi nikimshika! Huyo fundi mniletee hapa!" Ikabidi washushe mitungi yote ya maji mmoja mmoja kabla hajatoka.

Kisa hicho nimewasimulia hapa nyumbani mara nyingi na sote hucheka, mama yako akicheka kuliko wote. Lakini kuna neno ambalo huwa naliruka. Lango lile nililijaribu likiwa limefungwa tu. Sikulifungua mpaka mwisho nione linafika wapi. Nilidhani siku ile nimejifunza.

Sasa ndege. Mzee Mutisya alikuwa fundi wa ndege kwa miaka mingi kabla hajastaafu, na uzeeni akapata leseni ya kurusha ndege ndogo, jambo ambalo wakwe zake mpaka leo hawaliamini. Ulikuwa kidato cha pili alipoanza kuijenga ndege yake uani, chini ya mabati, hatua chache kutoka ukumbi wa mtaa. Watu walikuja kumcheka. Kila Jumapili baada ya kanisa kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Mzee, hii itapaa ama ni ya kufugia kuku?" Naye hujibu, "Wewe leta kuku, tutajua." Mimi nilikwenda kwa sababu alihitaji mtu wa kuchomelea fremu. Wewe ulinifuata kuniletea chai, na hukurudi tena nyumbani kabla ya jioni. Ulishika ribiti za kuunganishia mabati, ulisugua mabomba kwa msasa, ulijua jina la kila kitu. Mutisya aliniambia siku moja, "Wafula, huyu msichana ana mikono yako lakini macho si yako. Yeye anaangalia mara mbili." Nilifurahi sana. Sikuona kwamba nami nilikuwa nimepimwa katika sentensi hiyohiyo.

Ndege ilipokaribia kwisha, Mutisya akasema wewe ndiye utakayekaa kiti cha kushoto, yeye akae kulia, muikimbize ardhini bila kuirusha, upate kuzoea. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Tatizo likawa miguu. Umerithi miguu ya bibi yako pamoja na jina lake, na miguu hiyo haikufika kwenye pedali. Ukiegemea kiti vizuri, ncha za viatu vyako zilipapasa hewa. Ulijaribu kujaza mto mgongoni, Mutisya akakataa. Akaniambia nizisogeze pedali.

Wewe unazijua, lakini nataka niandike kila kitu kama ninavyokijua mimi, nisije nikajificha nyuma ya maneno machache. Kila pedali ya ndege ile ina kazi mbili. Ukiisukuma yote kwa unyayo, unageuza usukani wa mkia, na pua ya ndege inafuata. Ukiinamisha kichwa chake kwa vidole vya mguu, unafunga breki ya gurudumu la upande huo. Kutoka kwenye kichwa cha pedali kuna mkono mwembamba wa chuma unaokwenda mpaka kwenye pampu ya breki, na pampu imefungwa sakafuni. Mimi nilizisogeza pedali vidole vinne kuelekea kiti chako. Pampu nikaiacha ilipokuwa, maana kuitoa kulikuwa na kazi nyingi. Basi ule mkono wa breki ukawa mfupi, nami nikaukata, nikachomelea kipande katikati, nikaupaka rangi. Ulipendeza.

Siku hiyo lori la kubeba ndege kwenda uwanjani lilikuwa limeshafika. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi na ilirudi alasiri, kwa hiyo nilimaliza nikikimbizana na dereva aliyekuwa akipiga honi. Mutisya akaja akachungulia. Akaniuliza, "Umejaribu mwisho kwa mwisho?"

Alikuwa anauliza kama nimesukuma kila pedali mpaka inapogota, huku na huku, na kuangalia chini kinachotokea. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja akae kitini asukume, mwingine alale sakafuni na tochi. Wewe ulikuwa mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa nimezijaribu pedali zikiwa zimetulia katikati, nikainamisha kichwa cha kila moja kwa kiganja, nikaona breki inashika na kuachia. Ilionekana sawa. Ningeweza kumwambia bado. Ningeweza kumwita yeye mwenyewe akae kitini, dakika tano tu.

Nikasema, "Nimejaribu, mzee. Iko sawa."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nimeishi na neno hilo moja kwa miaka miwili. Hakuna aliyenilazimisha kulisema. Sikutaka tu kuonekana fundi ambaye bado hajamaliza.

Yaliyofuata unayajua kutoka ndani ya ndege. Niache nikueleze nilivyoyaona kutoka nje. Mimi na mama yako tulisimama kando ya ule uwanja wa nyasi, upande wa kwenda Machakos. Ulikimbiza ndege kwenda, ukarudi, safi kabisa, na mama yako akapiga kigelegele mpaka ng'ombe wa watu wakatawanyika. Mara ya tatu upepo ukaja kwa ubavu. Niliona mkia unasukumwa, nikaona usukani wa mkia unageuka wote kwenda kulia, nikajua unafanya inavyotakiwa. Halafu gurudumu la kulia likashika. Ndege ikazunguka hapo hapo, bawa likagonga ardhi, na pua ikaingia mtaroni.

Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Wewe ulikuwa umeshatoka, unamvuta Mzee Mutisya, na mkono wake ulikuwa umening'inia vibaya. Uliniona. Neno lako la kwanza halikuwa kilio. Ulisema, "Baba, mimi sikukanyaga breki."

Mutisya, na maumivu yale yote, alijaribu kukufariji. "Umekanyaga kidogo bila kujua, msichana wangu. Ni mguu mzito tu. Utazoea." Ukarudia, ukiniangalia mimi, si yeye: "Baba, sikukanyaga." Nami nikakushika bega nikasema, "Usijali, kila mtu hukosea."

Wakati huo, nakuapia, bado sikuwa najua. Nililisema kwa wema. Lakini siku ya tatu ndege iliporudishwa uani, nilijipenyeza ndani peke yangu, nikalala sakafuni na tochi, na kuisukuma pedali ya kulia kwa mkono mpaka mwisho. Sikugusa kichwa chake. Pedali ilipofika mwisho, ule mkono nilioungaunga ukagota, ukasukuma pampu, na breki ikajifunga yenyewe. Niliirudia mara nne. Mara zote nne breki ilijifunga.

Nilibaki nimelala pale, harufu ya mafuta ya breki puani, nikisikia watoto wakicheza mpira nje. Nilijua palepale kwamba sio mguu wako. Nilijua pia kwamba nikitoka mle nikaenda hospitali kwa Mutisya, nitamwambia kwamba alivunjika mkono kwa sababu nilimdanganya. Basi nikatoka nikachukua grainda. Nikaukata ule mkono, nikaisogeza pampu vidole vinne kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo, nikatengeneza mkono mpya. Mutisya aliporudi na plasta yake akauliza nimefanya nini. "Nimeimarisha kidogo," nikasema. Ndege ikapona, bawa likatengenezwa, mwaka uliofuata rubani mwingine akairusha ikapaa vizuri, na watu wakanipigia makofi. Wewe ulisimama kwenye ua wa miti, nyuma ya kila mtu. Nilikuona. Nami nilipokea makofi yale.

Hospitali nilikwenda, lakini nilipeleka machungwa.

Halafu vijana wa mtaa wakakubandika jina. "Niaje, Breki!" kila ulipopita ukumbini. "Breki, leo umefunga wapi?" Mwanzoni ulicheka nao, maana wewe si mtu wa kununa. Baadaye nikaona unazungukia barabara ya nyuma ukienda dukani. Siku moja kijana mmoja alikuita hivyo mbele yangu hapa karakana, nami nikaendelea kuchomelea, nimeshusha kofia usoni. Hilo linanichoma kuliko yote. Ndege ni chuma, na mkono wa Mutisya uliunganika, ingawa ngumi haifungi vizuri. Lakini wewe nilikuacha ubebe jina langu.

Na fomu ya chuo ilipokuja, ilikuwa na nafasi mbili, urubani na ufundi. Ulikaa na kalamu kwenye meza hii hii. Ulipoweka alama kwenye ufundi mama yako akauliza kwa nini, nawe ukasema ukicheka, "Mimi na pedali tulishakosana." Watu wakaja kunipongeza, mtoto wa fundi ni fundi, maji hufuata mkondo. Nikawashukuru. Kisha nikaenda nyuma ya karakana nikalia, na mama yako akadhani ni furaha.

Usinielewe vibaya. Sikuambii uache ufundi. Kazi hii imetulisha, na ndege hazipai kwa rubani peke yake. Pengine ungeichagua hata kama yale hayakutokea. Mimi sijui, na wewe pia hujui, kwa sababu uliambiwa uchague wakati mimi nimekuficha nusu ya habari. Ulisema kwamba wiki za kwanza mtu anaweza kuomba kubadilisha. Omba au usiombe. Ninachotaka ni uchague ukiwa na miguu yako mwenyewe, si ile niliyokusingizia.

Umewahi kuniuliza kuhusu kile chuma chenye rangi ya samawati kinachoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana. Nilikwambia ni cha lango. Ndicho chenyewe, ule mkono wa breki. Sikuweza kukitupa na sikuweza kukuonyesha. Tazama pale katikati nilipochomelea. Kazi yenyewe ni nzuri, Nekesa, haijapasuka hata kidogo. Nimewahi kudhani kazi mbaya ni ile inayovunjika. Hii haikuvunjika, na ilikuumiza hivyohivyo.

Asubuhi hii, wewe ukiimba bafuni, nilikwenda kwa Mzee Mutisya. Nilimkuta akipalilia sukuma wiki zake. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza habari za mvua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akautazama mkono wake, akaufungua na kuufunga kadiri unavyoweza kufungika.

"Hii kitu umeibeba miaka miwili, Wafula?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nimemwambia yule mtoto ana mguu mzito." Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata kwa jembe. "Yeye umemwambia?"

"Bado."

"Sasa kwangu umekuja kufanya nini? Umeanzia nyumba ya pili." Akachukua jembe lake. "Mimi nitakukasirikia kesho, leo sina nafasi. Nenda kwa mtoto."

Nikamwambia nimepanga kukuandikia na kuificha barua ndani ya sanduku, katikati ya nguo, uikute ukishafika. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayetaka lango bila bawaba. "Umwandikie halafu ujifiche? Hiyo si ni ileile?"

Basi sitaificha. Nimeandika kwa sababu mdomo wangu haujui kwenda mpaka mwisho, hugota katikati. Lakini nitakupa mkononi mtakaporudi, mkishaweka hilo blanketi chini, na nitakaa hapo nje barazani wakati unasoma. Mama yako naye hajui. Ukimaliza mpe asome. Atakuwa na yake ya kusema, na nitayasikiliza.

Nitakuambia jambo moja nililolijua kwa kuchelewa, kisha nikuache. Wanasema mficha maradhi kifo humfichua, lakini mimi hakuna kilichonifichua. Ningeweza kukaa kimya mpaka nizeeke, na ndege ingeendelea kupaa, na wewe ungeendelea kuamini. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Huko uendako utakosea, maana kazi hiyo ina sehemu nyingi na wewe una mikono miwili tu. Siku hiyo nenda ukaseme kabla chai haijapoa. Na yeyote akikuambia "nimejaribu", hata awe mzee mwenye mvi, hata awe baba yako, mwambie akae kitini asukume, nawe ulale chini na tochi.

Ukiona vyema kunisamehe, nitashukuru. Ukitaka kupanda ndege kesho bila kunipa mkono, nitakubebea sanduku lako vivyo hivyo mpaka mlangoni, na nitasubiri miaka yote utakayosema. Usinisamehe haraka ili safari iwe nyepesi. Nimekuchelewesha miaka miwili, nawe unaweza kunichelewesha.

Chuma kile nimekiondoa kwenye msumari, kiko hapa mezani juu ya daftari. Nasikia sauti ya mama yako kule kona akimsimulia jirani kuhusu bei ya blanketi, kwa hiyo mmefika, na lazima nimalize.

Siku ile mtaroni uliniambia neno moja mara mbili, na sikukujibu. Nakujibu leo, mama. Hukukanyaga.

Baba yako,
Wafula